Mkono Uliouza Mnada (Sehemu ya Sita)

Mkono wa Diwani Nerida Trezise bado uko juu. Tuliuacha hapo wiki nzima, msomaji, na bila shaka umeanza kufa ganzi.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, ulikuwa mkono wa kura. Baraza la mji wa Wirrabilla, huko mashambani Australia, lilikuwa linaamua kama uwanja wa mnada wa mifugo uuzwe kwa kampuni ya mjini inayotaka kujenga supamaketi pale pale kwenye mazizi. Madiwani wawili hawakuwapo, mmoja yuko hospitali na mwingine amekwenda kwa binti yake Queensland. Watano waliobaki walijulikana kila mtu anasimama wapi. Meya Garth Pascoe na Diwani Lorelle Kitto, yule mwenye duka la dawa, walitaka uwanja uuzwe. Mzee Alby Noonan, mfugaji, na Spiro Kallas, mwenye mgahawa, walitaka mnada ubaki. Nerida alikuwa wa tatu upande wa mnada, na watatu ni wengi kuliko wawili hata Wirrabilla.

"Shusha mkono, Diwani," Meya alikuwa amemwambia. "Kabla hujapiga kura, waambie watu hawa mwanao amefanya nini."

Nerida hakushusha.

"Mwanangu amefanya mengi," alisema. "Alipokuwa mdogo alikunywa dawa ya kuogeshea kondoo. Unataka lipi?"

Ukumbi ukacheka. Ulikuwa umefurika, wanaume kofia magotini, na akina mama wa Umoja wa Wanawake wakichungulia kupitia kidirisha cha jikoni, walikokuwa wakipanga sandwichi za baada ya kikao. Meya Pascoe alingoja kicheko kiishe. Hakuonekana kuwa na haraka, na hilo lilimtia Nerida wasiwasi kuliko maneno yake.

"Heath ameuza malisho yake ya chini," Meya akasema. "Yale yanayopakana na mazizi ya mnada. Ameiuzia kampuni hiyo hiyo. Uwanja ukiuzwa, analipwa. Usipouzwa, halipwi. Sasa wewe ndiye mama yake. Diwani ambaye mwanawe ana maslahi kwenye jambo linalopigiwa kura, anafanya nini?"

"Anatoka nje," alisema Lorelle Kitto, kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayemtajia mgonjwa bei ya dawa.

Mkono wa Nerida ukashuka wenyewe.

Akageuka. Heath alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, kijana mrefu wa miraba minne kama marehemu baba yake. Nerida alikuwa amemwona tangu kikao kinaanza akafurahi kwamba amekuja. Sasa ndipo alipoona amesimama karibu na nani. Alikuwa ubavuni mwa Renshaw, yule bwana wa kampuni mwenye viatu visivyojua vumbi.

"Heath?"

"Ningekuambia, mama."

"Lini?"

"Jumapili. Nilitaka tuje na mkweo Tess, tukae, tule, halafu…"

"Ni kweli au si kweli?"

"Nilimpa mkono bwana Renshaw," Heath alisema. "Wiki iliyopita."

Basi hapo mambo yakaisha. Wirrabilla imeuza kondoo kwa kuitikia kichwa na kupeana mkono tangu mji haujapata hata kisima. Col Trezise, baba yake Heath, alikuwa dalali wa mnada huo karibu maisha yake yote, na watu hawakumbuki kumwona na kalamu. Ukitoa mkono, umeuza. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza Heath swali la pili. Meya hakuuliza, mkurugenzi wa baraza hakuuliza, wala mama mtu hakuuliza. Lishike hilo, msomaji, tutalihitaji sasa hivi.

Mzee Alby Noonan ndiye aliyefoka.

"Huyu mama alikuwa anapiga kura ya kumnyima mwanawe hela! Maslahi gani hayo?"

"Sheria haiulizi anapiga upande gani, mheshimiwa," alijibu mkurugenzi. "Inauliza kama jambo linamgusa ndugu yake."

"Basi sheria ni punguani. Karani, andika hivyo."

Karani hakuandika. Nerida alikusanya miwani yake na mkoba wake. Alipita katikati ya safu za viti na hakuna aliyemtazama usoni, kwa heshima au kwa aibu, hakujua. Alijua hesabu tu. Yeye akiwa nje wanabaki wanne, wawili kwa wawili, ngoma droo. Na kura zikilingana Meya ana kura ya turufu.

*

Jikoni, Bi. Una Liddle wa Umoja wa Wanawake alikuwa amemvutia kiti.

"Kaa, shoga. Kunywa chai."

"Sitaki chai."

"Sikukuuliza kama unataka."

Nerida akakaa. Una akasogeza kidirisha kikabaki na ufa wa kidole, akategesha jicho.

"Alby kasimama," alinong'ona. "Anasimulia mafuriko."

"Mafuriko gani tena?"

"Yale ya kondoo wake waliopanda juu ya paa la kanisa."

"Hadithi ile haina mwisho."

"Ndiyo maana kaichagua, mzee wa watu."

Mlango wa nyuma ukafunguka, Heath akaingia. Una akajitia hamnazo, akarudi kukata sandwichi, lakini masikio aliyaacha wazi. Nami nisingemlaumu.

"Mama, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Benki wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Mvua hakuna, huu mwaka wa tatu. Tess amebakiza wiki chache ajifungue, na analala na madirisha yamezibwa kwa taulo kwa vumbi. Malisho ya chini yameingia chumvi, unayajua, hayaoti hata magugu. Mtu akaja akasema anayataka. Ningesemaje?"

"Hukumuuliza anayatakia nini?"

"Nilimshukuru Mungu, sikuuliza."

"Nimeitazama ramani ya supamaketi yao mpaka naiota," Nerida alisema. "Maegesho yako upande wa reli. Malori yanaingilia upande wa reli. Malisho yako hayamo, Heath. Hayamo hata kwa pembe moja."

Heath akazitazama sahani za sandwichi.

"Hawakununua ardhi," Nerida akasema polepole, jambo likimjia huku analisema. "Wamenunua kiti changu. Walijua siwezi kukaa kitini na wewe uko ndani ya biashara. Wamekupiga changa la macho, mwanangu, wewe na mimi pamoja. Ulisaini lini?"

"Sijasaini."

"Nini?"

"Karatasi zinakuja Ijumaa. Tulipeana mikono tu."

Kisu cha Una kikasimama katikati ya mkate.

"Hajasaini?" Una aliuliza, akasahau kwamba hayumo kwenye mazungumzo.

Nerida alikuwa ameshainuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi damu inatembea.

"Ardhi haiuzwi bila maandishi," alisema. "Kokote. Hata hapa. Nimeinuka nikatoka kwa sababu ya mkono! Ukumbi mzima umenyamaza kwa sababu ya mkono!"

"Mama, usifanye hivyo."

"Nisifanye nini?"

"Unajua nini." Heath alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake. "Ukienda pale ukasema mkono wangu si kitu, kesho nani atanunua kondoo wangu? Umemsahau Ted Rusk?"

Hakuwa amemsahau. Rusk alinunua dume la kondoo kwa kuitikia kichwa, kesho yake akasema alikuwa anafukuza nzi. Tangu siku hiyo Col Trezise hakumwona tena mnadani. Rusk anapunga mkono, anapunga kofia, na dalali hamwoni. Kabla mwaka haujaisha aliuza shamba akahama na familia yake, na hakuna aliyekwenda kuwaaga.

"Rusk alikuwa mwongo," Nerida alisema.

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Mnada ukifa, Spiro anafunga mgahawa. Duka la pembejeo linafunga. Siku ya mnada ndiyo siku pekee mtu anakosa pa kuegesha gari mji huu. Utapeleka wapi kondoo wako?"

"Nitawapakia lori niwapeleke mnada wa Darnell kama wengine wanavyofanya. Mama, mimi nina mtoto anakuja!"

"Na mimi nina mji!"

Lilimtoka kabla hajalipima. Angelirudisha kama lingerudi.

"Nilikuwa mwanao kabla hujawa na mji," Heath alisema, akasogea kando ya mlango.

"Alby kaketi," Una alinong'ona kwenye kidirisha. "Wamemkatiza, kondoo bado wako juu ya paa. Pascoe anaita kura."

Wewe ungefanyaje, msomaji? Usinijibu haraka. Nerida alisimama hapo, mwanawe upande huu, kidirisha upande ule. Kisha akarudi ukumbini.

*

"Meya, nina swali kwa mkurugenzi."

"Uko nje ya kikao, Diwani."

"Nauliza kama nastahili kuwa nje."

Mkurugenzi akamtazama Meya, akatazama dari, akasema, "Uliza."

"Kisheria, ardhi inauzwa kwa kupeana mkono?"

Mkurugenzi akavua miwani. Alionekana kama mtu aliyetoka nyumbani kumbe kavaa viatu tofauti.

"Hapana," alisema. "Lazima maandishi na saini."

"Mwanangu hajasaini kitu."

"Bwana Renshaw, ni kweli?"

Renshaw akainua mabega. "Tulipeana mikono. Niliambiwa huku kwenu hiyo inatosha."

"Basi mimi sioni mauzo hapa," alisema mkurugenzi. "Diwani Trezise anaweza kurudi kitini."

"Karibu nyumbani!" alipiga kelele Spiro Kallas, akagonga meza. "Piga kura, mama, nikafungue mgahawa!"

Nerida alicheka karibu atoe machozi. Akamgeukia Alby Noonan, rafiki mkubwa wa mumewe, aliyebeba jeneza lake, aliyemshawishi agombee udiwani. Alitarajia tabasamu. Mzee Alby alikuwa amekunja uso kama mtu aliyetemewa mate.

"Shemeji," alisema. "Rudi nje."

"Alby?"

"Rudi nje. Tushindwe tukiwa watu."

"Nikirudi nje mnada umekufa."

"Ngojeni kidogo," Meya Pascoe akaingilia kati. Ulimi wake ulikuwa umelainika ghafla, na Nerida akaelewa kwamba Alby amemwonyesha Meya mlango ambao Meya mwenyewe hakuwa ameuona. "Nataka hili liandikwe. Diwani, unasema mkono alioutoa mwanao hauna maana?"

"Nasema sheria…"

"Sheria imeshasema. Nakuuliza wewe, mjane wa Col Trezise. Kama mkono una maana, kuna biashara, nawe utatoka. Kama hauna maana, kaa. Una maana au hauna?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Wale walikuwa wanunuzi na wauzaji wa kondoo, na watoto wao, na wajukuu. Walikuja hapa kumwombea ashinde. Nyuma yao, kwenye mlango wa jikoni, alisimama Heath. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, hapana, mama, hapana.

"Hauna maana," alisema Nerida.

Karani akaandika.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa afadhali wangezomea. Mzee Alby aliinuka, akachukua kofia yake mezani, akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu.

"Mimi sikupigania mbao na mabati," alisema. "Mbao zimeoza, mabati yamevuja tangu enzi za baba yangu. Nilipigania mahali ambapo mtu akikupa mkono unalala usingizi. Sasa diwani wetu wenyewe kaamka mchana kweupe kasema hauna maana. Nipige kura ya kuokoa nini?"

"Mzee, kaa!" Spiro alikuwa amesimama. "Piga kura kwanza, ukasirike baadaye! Mimi hukasirika kila siku na mgahawa nafungua!"

"Kasirika salama, Spiro," alisema Alby, akatoka.

Mlango ukafungwa. Walibaki wanne. Nerida na Spiro wakainua mikono kwa mnada, Meya na Lorelle Kitto wakainua ya kwao. Wawili kwa wawili. Meya akatumia kura ya turufu, na uwanja wa mnada wa Wirrabilla ukawa umeuzwa kabla birika la jikoni halijachemka.

Nerida alikaa kitini mikono mapajani. Amemtupa mwanawe motoni ili auokoe mji, na mji umeungua vilevile. Alitaka kulia na hakuweza, alitaka kumchukia Alby Noonan na hakuweza pia, maana Col angefanya kama Alby. Angeinuka yeye kwanza.

*

Sandwichi zililetwa, hazikuliwa. Watu walitoka kimya kimya.

Heath alivuka ukumbi hadi alipo Renshaw. Nerida alimwona ananyoosha mkono.

"Kura imepita," Heath alisema. "Mambo yetu bado yapo?"

Renshaw akatia mikono yake yote miwili mfukoni.

"Mama yako kasema hayapo. Mbele ya watu wote, na imeandikwa. Ningekuwa mtu gani nikimbishia mama wa mtu?"

Akaenda kuchukua keki. Heath alibaki na mkono hewani, kisha akaurudisha akautazama kama kitu cha kuazima.

Hapo ndipo alipomjia Doug Hallam, dalali wa sasa, aliyefundishwa kazi na Col mwenyewe. Doug aliongea akitazama vidole vya miguu yake.

"Heath, wale kondoo wako uliowaleta asubuhi kwa mnada wa kesho. Njoo uwachukue."

"Doug, tafadhali."

"Siwezi kupanda kwenye ubao wa mnada nikawanadi. Nitamtazama nani? Nani atainua kidole? Utaaibika mbele ya watu, na mimi pamoja nawe. Wachukue leo, kabla ya jua kuzama."

Doug akaondoka haraka. Heath akamgeukia mama yake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomkata Nerida maini.

"Twende, mama," alisema. "Sina mtu mwingine wa kunishikia geti."

Walipanda pikapu ya Heath. Si njia ndefu. Nerida alitafuta la kusema akakuta yote yameshatumika.

Mazizini walikuta watu. Habari ilikuwa imewatangulia, kama kawaida ya Wirrabilla. Wafugaji kadhaa walikuwa wameegemea mbao za zizi la Heath, na katikati yao mzee Alby Noonan, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa anawatazama kondoo meno, mmoja mmoja, kama mtu anayenunua.

"Wamekonda," Alby alisema bila kugeuka. "Lakini wana mifupa mizuri. Nawachukua wote."

Heath akasimama pale pale.

"Wote, mzee?"

"Bei ya wiki iliyopita. Nakupa mkono hapa, mashahidi ni hawa, na kesho utatembea mji huu kama mtu. Hakuna atakayekuwa na neno." Sasa aligeuka. "Lakini mimi sishiki mkono usio na maana, kijana. Kwanza useme mbele ya hawa, ulipompa yule bwana mkono wako, uliutoa wa kweli. Ulimaanisha. Aliyesema hauna maana ndiye aliyekosa."

"Unataka nimkane mama yangu."

"Nataka jina lako lirudi. Yeye kaishi maisha yake, na ameyachagua maneno yake mwenyewe. Wewe una mtoto anakuja."

Wanaume wakatazama chini. Hakuna aliyesema kwamba mzee amevuka mpaka, na Nerida mwenyewe hakuona kwamba amevuka. Alikuwa anampa Heath mlango wa kurudia, na kizingiti cha kukanyagwa ni Nerida mwenyewe.

"Sema, mwanangu," alisema.

"Mama."

"Sema tu. Mimi nimekukana mbele ya watu wengi kuliko hawa. Nikane nami, tuwe sawa. Sitakufa."

Aliyasema kwa moyo wake wote, na yalimuuma kwa moyo wake wote. Mzee Alby akanyoosha mkono, mkono mkubwa wenye kucha zilizopasuka, ukakaa hapo juu ya ubao wa zizi ukingoja.

Heath akafuta kiganja chake kwenye suruali. Akakiinua. Kikafika karibu kabisa na cha mzee, kisha kikasimama.

"Siwezi kusema hivyo," alisema.

"Mama yako mwenyewe kakuruhusu!"

"Si kwa sababu ya mama. Mkono ule haukuwa wa kweli, mzee."

"Haukuwa wa kweli vipi?"

Heath hakumjibu Alby. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Pale jikoni ulisema wamenunua kiti chako. Ulidhani umegundua wewe. Renshaw aliniambia tangu siku ya kwanza, mama. Alisema malisho yangu hayataki hata bure. Alisema anataka siku ya kura wewe uwe nje ya chumba, basi, hayo mengine yeye na Meya wanayamaliza."

"Meya?" alidakia mmoja wa wafugaji.

"Pascoe ndiye aliyemleta mpaka nyumbani kwangu."

Mkono wa mzee Alby ulishuka taratibu ukarudi ubavuni mwake. Kondoo mmoja alikohoa ndani ya zizi. Nerida alishika mbao kwa mikono miwili.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Unajua wanataka kunifanyia nini, na bado ukampa mkono?"

"Nilimpa, mama," alisema Heath. "Pale kibarazani kwangu. Na wewe ulikuwa ndani unampikia Tess supu."